Majimaji bila kukariri: jinsi ya kufundisha chanzo cha vita kwa kuanzia shambani na jikoni

Walimu wenzangu, mwanafunzi wa sekondari hata umwamshe saa nane usiku umuulize sababu za Majimaji, ile vita ya watu wa kusini dhidi ya Mjerumani iliyoanza 1905, atakutajia pointi sita macho yakiwa bado yamefumba: kodi, kazi za lazima, pamba, ukatili wa maakida (wakusanya kodi wa serikali), kupoteza uhuru, imani ya maji. Sasa muulize swali la pili tu, hiyo kodi alikuwa analipa nani, hela alitoa wapi, na siku baba anaenda kulima pamba ya jumbe, yani mkuu wa kijiji, nyumbani nani alikuwa anafukuza nguruwe? Hapo kimya. Na mi siwalaumu madogo, maana na mi nilifundishwa hivohivo na nikafaulu hivohivo, ila kuna siku mwanafunzi mmoja aliniuliza "sasa mwalimu kama kodi ilianza 1898 mbona wakapigana 1905, walikuwa wanasubiri nini?" nikajikuta sina jibu la maana mbele ya darasa zima.

Ndo nikaanza kufundisha kwa njia hii ninayowaelekeza hapa. Unampa mtoto mtu mmoja wa mwaka 1905, unampa siku zake, mazao yake na madeni yake, afu unamwacha ahangaike navyo mpaka sababu azione mwenyewe. Inakula vipindi vinne au vitano, vifaa ni maharage kama kilo mbili, karatasi za manila, maka peni, uzi wa kushonea wa rangi tatu na selotepu. Basi.

Kwanza jiandae wewe

Usiingie darasani na "Afrika" wala "wakoloni" kwa ujumla wake, chagua sehemu. Mi huwa naanza na milima ya Matumbi, nyuma ya Kilwa, kwa sababu pale Nandete ndo watu waling'oa miche ya pamba Julai 1905 kama ishara ya kutangaza vita. Ukiwa na ramani ichore ubaoni kwa mkono hata kama ni mbaya, weka Kilwa, Mohoro, mto Rufiji, Ngarambe, Kibata, Liwale, Mahenge, afu mbali kule kusini magharibi weka Songea na Peramiho. Wanafunzi waone umbali, maana baadaye utawauliza habari ilifikaje kutoka Rufiji mpaka Ungoni, nchi ya Wangoni huko Songea, bila simu.

Na wewe mwenyewe uwe na haya kichwani, sio kwa ajili ya kuwaandikia noti, ni ili usibabaike wakikuuliza. Kodi ya nyumba ilianza 1898, vijijini ilikuwa rupia 3 kwa nyumba. Gavana von Götzen alifika 1901, na mwaka 1902 mpango wa mashamba ya pamba ya pamoja ukaanza, kila jumbe anakuwa na shamba na watu wake wanatakiwa kulifanyia kazi siku 28 kwa mwaka. Mapato yanagawanywa kati ya waliolima, jumbe na komuni ya wilaya, yani mfuko wa serikali ya wilaya, na kilichomfikia mkulima kilikuwa kidogo mpaka kuna watu walikataa kukipokea. Mwaka 1904 ikaja sheria ya hifadhi ya misitu. Na hela yenyewe ilibadilika wakati huohuo, rupia iliyokuwa na pesa 64 ikawa na heller 100, yani hata kuhesabu chenji kulikuwa ni somo jipya kwa watu.

Kitu kingine, piga marufuku neno "Tanganyika" kwenye kazi zao zote. Jina hilo lilianza kutumika 1920 chini ya Mwingereza, mwaka 1905 ilikuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na mtu wa Nandete alijiita Mmatumbi. Inaonekana ni ujuaji lakini mwanafunzi akishaandika "Watanganyika waliungana" ameshamaliza swali kabla hajaliuliza, maana kuungana kwenyewe ndo kitu kinachotakiwa kuelezwa.

Hatua ya 1: kadi za watu

Gawa darasa makundi sita, kila kundi lipate kadi moja. Usiwape watu hawa majina ya kubuni, baadaye watoto watadhani ni watu halisi wa kwenye kumbukumbu, andika tu kazi na mahali. Mi kadi zangu ni hizi:

Mama wa Umatumbi. Ana shamba la mtama na mpunga kidogo bondeni, ana watoto, mume wake anaitwa mara kwa mara kwenye pamba au kubeba mizigo. Shamba lipo karibu na pori, na pori lina nguruwe na nyani.

Mchuma mpira wa Ungindo. Anaingia msituni kugema utomvu wa mipira ya porini, anauza kwa wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu, hela anaipata na kodi anaimudu. Huyu kadi yake ni muhimu sana maana sio fukara, biashara yake inaenda vizuri, kinachomuumiza ni kuitwa aache mpira unaomlipa akalime pamba isiyomlipa.

Jumbe. Yupo katikati kabisa. Akida anamdai watu wa kufanya kazi, watu wake wanamwona msaliti. Pamba ikistawi anapata fungu, isipostawi anaadhibiwa yeye mbele ya watu wake.

Akida. Katoka pwani, anajua kusoma na kuandika, kawekwa juu ya watu wasio ndugu zake. Anakusanya kodi, anasikiliza kesi, ana askari nyuma yake.

Askari. Huyu anaweza kuwa katoka Sudani au mahali pengine mbali kabisa na anapofanyia kazi. Ana mshahara, ana bunduki, ana kiboko. Waambie wanafunzi maneno "hamsa ishirini" yalitokana na nini, ni ile adhabu ya viboko 25.

Nduna wa Ungoni. Ni kiongozi wa Wangoni aliye chini ya nkosi, yani mfalme wao. Yuko mbali na pamba. Boma la Mjerumani lilifika Songea 1897, tangu hapo madaraka yake yamepungua, vita vya kuteka mali havipo tena, kodi imekuja, na wamisionari wamejenga Peramiho.

Kila kundi lijibu maswali matatu tu kwenye karatasi: leo asubuhi umeamka, unaenda kufanya nini? Nani anaweza kukukataza? Ukikataliwa utaenda kumlalamikia nani? Hilo swali la tatu acha lichukue muda, usiwasaidie. Kundi la mama litahangaika, litasema jumbe, afu litagundua jumbe mwenyewe anaogopa, litasema akida, afu litacheka. Hamna mlango. Kicheko hicho andika pembeni ubaoni, utakitumia.

Hatua ya 2: maharage

Hapa ndo moyo wa kazi yote, usiharakishe, ikibidi tumia vipindi viwili.

Kila kundi lipewe punje 180, kila punje ni siku moja ya kazi katika miezi sita mizito ya shamba. Kwenye manila wachore vyumba vitano: kusafisha shamba, kupanda, palizi, kulinda, kuvuna. Wagawe punje zao wenyewe kama familia ya kawaida. Watabishana, wenye wazazi wakulima watawafundisha wa mjini, kuna mwaka binti mmoja aliyekulia shambani aliwapa wenzake somo la palizi mpaka nikakaa chini nikasikiliza. Waache wamalize, wakuambie kwa nini wameweka punje ngapi wapi.

Afu unaanza kupita. Chukua punje 28, ndo siku za pamba ya jumbe. Usiombe, chukua, ila waulize wanataka zitoke chumba gani. Rudi tena uchukue za barabara na za boma. Rudi tena useme kodi rupia 3, mmepata wapi? Wanaweza kuuza chakula, basi punguza mavuno, au kwenda kugema mpira, punje kadhaa, au mume aende mashamba ya walowezi, punje nyingi zaidi na mtu mmoja hayupo nyumbani. Hapa kuwa mkweli kwa watoto, waambie 28 na rupia 3 ni namba za historia na hizo nyingine umeziweka wewe kwa ajili ya mchezo. Waambie pia 28 ilikuwa ya kwenye makaratasi, kuna sehemu siku zilizidi.

Sasa angalia wanatoa wapi. Mimi nimefanya zoezi hili mara nyingi na karibu kila kundi linatoa punje kwenye chumba cha kulinda, kwa sababu kulinda kunaonekana sio kazi, mtu amekaa tu kwenye dungu anapiga debe. Kupanda huwezi kupunguza, kuvuna huwezi kupunguza, basi kulinda kunaliwa. Wakishatulia, tangaza nguruwe wameingia. Kundi ambalo chumba cha kulinda kimebaki na punje chache linapoteza nusu ya mavuno yake.

Kelele zitakazotoka hapo ni za kweli. "Mwalimu si umetuchukulia mwenyewe!" Ndio. "Basi tungeenda kuwawinda hao nguruwe!" Vizuri, hapo ndo unaleta habari ya serikali kubana uwindaji na uchomaji wa pori na kutenga misitu, kwamba zile njia za zamani za watu kuungana na nyavu zao kusafisha pori nazo zilikuwa zimeanza kuminywa. Sasa muulize kila mtu, kwenye ile familia nani amebaki analinda? Mama, na watoto. Kwenye pointi sita za kukariri mama hayumo kabisa, ila kwenye maharage ndo anabeba kila kitu. Mi naona hii ndo faida kubwa kuliko zote za kazi hii, kwamba pamba inaacha kuwa zao tu, inageuka njaa ya mwezi wa pili ndani ya nyumba.

Kundi la mchuma mpira lenyewe litakuwa na kesi tofauti, hawatalia njaa, watalia hasara, na kundi la nduna halina pamba kabisa kwa hiyo usiwachukulie zile 28. Watashangaa, watauliza mbona sisi hutugusi. Waambie wasubiri.

Onyo kuhusu maigizo

Mwaka wa kwanza nilikosea. Niliwaacha waigize, kijana aliyekuwa akida akachukua rula, mwanzoni wanacheka, baada ya dakika tano alikuwa anaipenda kazi yake kupita kiasi na mwenzake mmoja akatoka nje analia. Tangu siku hiyo hakuna kiboko, hakuna kupiga magoti, hakuna kumtukana mtu hata kwa utani. Ukatili unasomwa na kuzungumzwa, hauchezwi. Unachoweza kufanya ni mzigo, wapagazi walikuwa wanabeba karibu kilo 30, basi jaza mchanga kwenye ndoo nusu tu, mwenye hiari aibebe kuzunguka uwanja mara moja, afu mwambie Kilwa bado.

Ila yule kijana wa rula nilikaa naye baadaye na akaniambia kitu ninachokikumbuka mpaka leo, kwamba alikuwa anaogopa makundi mengine yasimtii na mimi nimwone hawezi. Huyo ndo akida mwenyewe. Mtu wa pwani, peke yake milimani, anadaiwa pamba na boma, anachojua ni kutisha. Simtetei, ila wanafunzi wakimwelewa akida kama mtu aliyebanwa wanaelewa mfumo, wakimwona kama shetani tu wanadhani tatizo lilikuwa roho mbaya ya mtu na angebadilishwa yangeisha.

Hatua ya 3: mtoke nje mkaulize wazee

Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu Dar es Salaam, kipindi hicho bado ni chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, waliingia vijijini kusini kuwahoji wazee kuhusu Majimaji, na wakati huo bado kulikuwa na watu walioiona vita kwa macho yao. Mengi tunayoyajua leo kuhusu pamba na maakida yametoka kwenye midomo ya wazee hao, kwa sababu makaratasi ya boma yaliandikwa na upande mmoja. Waambie wanafunzi wako hii, kwamba waliofanya kazi ile walikuwa wanafunzi kama wao, imewahi kunisaidia kuamsha darasa lililolala.

Leo hamna aliyebaki, ila waliosimuliwa wapo. Kama upo Kilwa, Rufiji, Liwale, Mahenge, Songea au Njombe una bahati, nenda. Kama upo Mwanza au Moshi usijilazimishe kutafuta Majimaji isiyokuwepo, waulize wazee juu ya pamba ya wakati wa Mwingereza, kodi ya kichwa, manamba waliokwenda kwenye mkonge, mkirudi darasani mnalinganisha.

Mambo ya kuzingatia ni machache ila yana uzito. Waende wawili wawili, waamkie kama inavyotakiwa, wajieleze ni watoto wa nani na wanasoma wapi, waombe ruhusa kabla ya kuwasha rekoda ya simu, na mzee akisema zima, zima. Wasimuulize "babu, sababu za Majimaji ni zipi", watajibiwa pointi zilezile maana hata mzee amesoma shule au amesikia redioni. Waulize vitu: hapa zamani mlikuwa mnalima nini? Shamba la jumbe lilikuwa wapi, unaweza kutuonyesha? Njaa mliyosimuliwa ilikuwaje, watu walikula nini? Bibi yako alikuwa anafanya nini wakati huo? Swali la kuonyesha mahali ni zuri kuliko yote, mzee akishasimama na kunyoosha fimbo maneno yanakuja yenyewe.

Waandike maneno ya mzee kama alivyosema, hata kama yanapingana na kitabu. Na jina lake lisisambazwe kama hajataka.

Hatua ya 4: swali la "mbona 1905?"

Rudini darasani, bandika manila zote ukutani. Sasa chukua uzi. Rangi moja ni kinyongo, yani vitu vilivyowaumiza watu. Rangi ya pili ni uwezo, vitu vilivyowafanya waone inawezekana. Rangi ya tatu ni cheche, kilichowasha moto siku ile. Mwanafunzi anaunganisha kadi na sababu kwa uzi na anasema kwa sauti kwa nini kachagua rangi hiyo.

Kinyongo kitajaa haraka. Hapo ndo unawarudishia swali langu la aibu: kodi 1898, vita 1905, katikati watu walikuwa wapi? Waache wapambane nalo. Mambo yanayotakiwa kutoka ni kama haya. Kodi kila mtu aliikwepa au kuilipa kivyake, huyu kwa mpira, yule kwa mtama, wa tatu kahama, lakini shamba la pamba la 1902 liliwakusanya watu wa kijiji kizima sehemu moja, siku moja, kwa hasira moja, na chini ya jua moja wakaanza kuongea. Mkoloni mwenyewe alikuwa kawaandalia kikao.

Afu Wamatumbi na Wangindo hawakuwa na mfalme mmoja wa kusema "tupigane". Hapa ndo anaingia Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe. Inasimuliwa kwamba 1904 alipandwa na roho Hongo, akazama kwenye maji ya mto na kutoka kesho yake nguo zikiwa kavu, watu wakaanza kumiminika Ngarambe kuchukua maji yaliyoaminiwa kugeuza risasi za Mjerumani kuwa maji, na habari ikasambaa chinichini, mtu kwa mtu, watu wa kule wakiita ule mnong'ono jujila. Dawa ilikuwa maji yaliyochanganywa na mtama na mafuta ya mbarika. Angalia vizuri hapo, ni mtama na mbarika, vitu vya shambani na jikoni kwa yule mama wa kadi ya kwanza, sio kitu cha kigeni.

Watoto watacheka risasi kugeuka maji. Kila mwaka wanacheka. Usiwakemee na wewe usicheke nao, waulize tu kwenye timu yao ya mpira kabla ya fainali huwa wanafanya nini, na hao wazima waliokuwa wanajua bunduki vizuri kabisa walihitaji nini ili waiendee. Afu uzi wa maji uwekeni rangi ya uwezo, sio kinyongo. Hakuna aliyepigana kwa sababu ya maji, walipigana kwa sababu ya pamba na kiboko na mengine, maji yaliwafanya waamini kwamba jirani naye atakuja. Kinjikitile mwenyewe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ndo kwanza ina siku chache, na haikuzimika. Hilo peke yake linatosha kuwaonyesha kwamba sio mtu mmoja aliyedanganya watu.

Cheche ni pamba kung'olewa Nandete. Waulize kwa nini kung'oa mche na sio kumpiga mtu. Mwanafunzi mmoja alinijibu "kwa sababu mche haukimbii kwenda kusema", sijawahi kupata jibu zuri zaidi.

Hatua ya 5: walete wale wasioingia kwenye pointi

Sasa ita kundi la nduna, maana limekaa kinyonge tangu maharage. Ungoni hakukuwa na mashamba yale ya pamba, na bado Wangoni waliingia vitani Septemba 1905 na viongozi wao wengi wakanyongwa Songea mwaka 1906. Kumbe pamba sio ufunguo wa kila mlango. Kule ilikuwa ni madaraka yaliyoondoka, kodi, na dharau, kama ile ya mmisionari kuchoma nyumba ya mahoka (roho za mababu) ya nkosi Mputa. Na habari ya maji ilipofika Ungoni mmoja wa walioyapokea na kuyasambaza alikuwa mwanamke, Nkomanile, kiongozi wa Kitanda, naye alinyongwa. Wasichana wa darasa wakisikia hilo wanauliza kwa nini hawakuwahi kumsikia, waachie swali lao.

Afu uliza kinyume chake, nani alibaki nje? Wahehe walikuwa na kila sababu ya kumchukia Mjerumani, walipigana naye tangu 1891 mpaka Mkwawa alipokufa 1898, lakini 1905 hawakuunga mkono vita na wengine walipigana upande wa Mjerumani. Kwa nini? Kuna kundi litasema walichoka, kundi litasema walikuwa na ugomvi wa zamani na majirani zao, yote ni majibu ya kuanzia. Na kwenye kadi zako, jumbe ataenda upande gani? Acha kundi lipige kura bila wewe kusema, kuna mwaka kura za jumbe ziligawanyika nusu kwa nusu na kundi likanuniana mpaka chakula cha mchana, mimi nilifurahi sana, maana hata majumbe wenyewe hawakwenda wote njia moja.

Kosa moja litatokea hapa na lazima ulikamate: watachanganya sababu na matokeo. Wataandika "watu waliasi kwa sababu ya njaa kubwa na mashamba kuchomwa". Kuchomwa mashamba na maghala kulikuja baada, Mjerumani alipoamua kuimaliza vita kwa njaa. Yeye mwenyewe alihesabu waliokufa kuwa 75,000, wanahistoria wengine wanafika 250,000 mpaka 300,000, na wengi hawakufa kwa risasi, walikufa kwa njaa na magonjwa. Ile njaa ya maharage ni ya kabla ya vita, ni ya ghala kupungua, hii nyingine ni ghala kuchomwa. Chora mstari ubaoni, Julai 1905 katikati, kila sababu ikae kushoto au isikae.

Hatua ya 6: kuandika

Ukurasa mmoja tu, siku moja ya mtu wa kadi yako, asubuhi mpaka usiku, mwezi wa sita 1905, kabla pamba haijang'olewa. Asitaje neno "sababu" wala "ukoloni" wala "unyonyaji" mahali popote, zitokee kwenye mambo anayofanya. Ni ngumu kuliko wanavyodhani.

Kusahihisha mi natumia vitu vitatu. Kila jambo analodai analitoa wapi, maharage, kadi, mzee au kitabu, anaandika pembeni kwa kifupi. Vitu visivyokuwepo, yani simu, ngano za chapati kila asubuhi, "Tanganyika", shilingi, kila kimoja nakata alama moja. Na je mtu wake ana jambo moja angalau linalopingana ndani yake, kama mchuma mpira anayemchukia akida ila anamhitaji mfanyabiashara wa Kilwa, au mama anayeenda Ngarambe kuchukua maji huku anawaza nani kabaki shambani. Hiki cha tatu ndo kina alama nyingi kwangu. Kuna wanaofaulu mitihani yote na hapa wanapata mbili, na kuna watoto wa kukaa nyuma darasani ambao hapa wanaandika mpaka unarudia kusoma.

Mkitaka kufunga kazi na safari, Makumbusho ya Majimaji yapo Songea na kumbukumbu hufanyika kila tarehe 27 Februari. Mkiwa pale waambie wasome majina kwenye minara wakiwa na kadi zao mkononi. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani Steinmeier alifika hapohapo akaomba msamaha, ni mjadala mzuri kwa kidato cha juu, ila ufanye siku nyingine, usiuchanganye na chanzo.

Kama huna muda

Najua kuna mtu kasoma mpaka hapa anawaza silabasi yake iko mbioni na darasa lina watoto 90. Basi fanya kipindi kimoja: kadi tatu tu, mama, jumbe na mchuma mpira, madawati matatu mbele, maharage, chukua 28, toa nguruwe, uliza nani analinda. Dakika 30. Makundi mengine yakae kama wanakijiji, kazi yao ni kuandika kila neno la malalamiko litakalotoka mbele. Kengele ikilia usifute ubao, na maharage usiyaondoe kwenye manila, acha kipindi cha mwenzako kiyakute hapo, atakulalamikia lakini watoto watakuwa bado wanabishana.